Betri za Babu na Mjapani wa Gemu

Najua nimekuwa kimya muda mrefu. Kazi za chumba cha habari mnazijua: ukimaliza ya bungeni inakuja ya mahakamani, ukimaliza ya mahakamani mhariri anataka ya bei ya sukari. Leo naandika kitu ambacho mhariri wangu alikikataa. Nilimpelekea wazo, akasoma mistari miwili, akasema, "Kijana, hii ni michezo ya watoto. Niletee habari." Sikubishana naye. Gazeti ni lake, hapa ni kwangu.

Mtu ninayetaka kumzungumzia anaitwa Gunpei Yokoi. Wengi wenu jina hili hamlijui, na wala si kosa lenu. Hata mimi nilimjua nikiwa chuo, tena kwa bahati, wakati nikitafuta kitu kingine kabisa kwenye intaneti. Lakini kama uliwahi kushika gemu mkononi, ukabonyeza kile kitufe chenye umbo la msalaba kwa dole gumba la kushoto, basi huyu bwana amewahi kupita mkononi mwako. Alizaliwa tarehe 10 Septemba 1941 mjini Kyoto, Japani, akafa barabarani tarehe 4 Oktoba 1997. Katikati ya hapo alifanya kazi miaka 31 kwenye kampuni moja, Nintendo.

Kabla sijafika Kyoto naomba nipitie Tindiga kwanza, maana ndiko habari hii ilikoanzia kwangu.

Kwa wasiopajua, Tindiga iko wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Jina lenyewe linajieleza: tindiga ni mahali penye majimaji, kinamasi. Tunalima mpunga, na masika yakikolea mto unatutembelea hadi uani bila kubisha hodi. Mimi nilikulia kwa babu, mzaa mama. Mwaka 2007 nilikuwa darasa la tatu na nyumbani hatukuwa na umeme. Kilichokuwa na umeme ni redio ya babu, na umeme huo ulikuwa ndani ya betri nne kubwa za Panasonic, ambazo babu mpaka leo anaziita National. Redio ile ilikuwa na ratiba kuliko shule. Taarifa ya habari, matangazo ya vifo, basi, inazimwa. Betri zikianza kuchoka zinaanikwa juani. Zikichoka zaidi zinang'atwa kidogo kwa meno. Zikishindwa kabisa, babu anazirusha nyuma ya nyumba huku akisonya.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa fundi redio. Hakusomea popote. Alijifunza kwa kufungua vitu, na vingine havikufungika tena. Siku moja mteja kutoka Kimamba alishindwa kulipa hela ya ufundi, akaacha kigemu cha plastiki, vile vya Kichina vilivyoandikwa Brick Game, vyenye matofali yanayodondoka na wewe unayapanga. Nadhani mnavikumbuka. Kilitumia betri mbili ndogo na hazikuwemo. Betri ndogo dukani zilikuwa hela ya daftari.

Mjomba akaenda nyuma ya nyumba, akaokota betri mbili kubwa alizotupa babu. Akachukua vipande viwili vya waya, akaunganisha betri kubwa na mahali pa betri ndogo, akafunga kwa mpira wa baiskeli. Kigemu kikawaka. Mimi nilidhani ni uchawi. Akanieleza kitu ambacho sijakisahau: betri kubwa na ndogo zote ni volti moja na nusu, tofauti yake ni kama ndoo na kikombe, maji ni yaleyale. Tena akasema betri iliyokufa kwa redio haijafa kwa gemu. Redio ni mlafi, inasukuma spika. Kigemu kinalamba tu. Tulicheza wiki kadhaa kwa betri ambazo babu alishazizika.

Shikilieni hapo, sasa twende Kyoto.

Nintendo haikuanza na gemu za umeme. Ilianzishwa mwaka 1889 ikitengeneza karata za Kijapani zinazoitwa hanafuda, zenye picha za maua. Yokoi alimaliza masomo ya umeme Chuo Kikuu cha Doshisha, palepale Kyoto. Hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Makampuni makubwa ya vifaa vya umeme hayakumtaka, na Nintendo ilikuwa karibu na nyumbani. Akaajiriwa mwaka 1965. Kazi yake? Kutunza mashine za kutengeneza karata. Fundi wa kiwandani, basi.

Mashine zikiwa nzima fundi hana kazi, na kijana asiye na kazi hutafuta cha kuchezea. Yokoi akatumia nafasi yake kujitengenezea mkono wa bandia wa kukunjuka: unabana mikasi huku, kule mbele unarefuka na kukamata kitu. Mkurugenzi wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akamwona nao. Sasa wewe msomaji uliyewahi kuajiriwa, jiulize bosi wako angesema nini. Yamauchi alikuwa mtu mkali, anayeogopwa. Akamwita Yokoi ofisini, na badala ya kumfukuza akamwambia akitengeneze kifaa kile kiuzwe. Kikatoka mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand, kikauzwa zaidi ya milioni moja. Fundi wa mashine akahamishiwa kwenye kubuni michezo, na hakurudi tena kwenye mashine za karata.

Ukiangalia vitu alivyobuni baada ya hapo unaona tabia moja. Mwaka 1969 alitoa Love Tester, kifaa cha kupima mapenzi. Mvulana na msichana wanashikana mikono, kila mmoja anashika upande wa kifaa, mshale unapanda. Ndani yake hakuna maajabu, ni kipimo cha kawaida cha umeme mdogo unaopita kwenye miili yao. Mwenyewe alikiri kuwa lengo lilikuwa kupata sababu ya kushika mikono ya wasichana. Mwaka 1970 ikaja bunduki ya mwanga ya kuchezea. Kampuni ya Sharp ilikuwa inauza vipande vya kunasa mwanga wa jua, na aliyekuja Nintendo kuvinadi alikuwa mhandisi aitwaye Masayuki Uemura. Kila mtu alijua kazi ya vipande vile ni kugeuza jua kuwa umeme. Yokoi akaona kazi nyingine. Ukikiweka kama shabaha, mwanga wa bunduki ukikigonga kinatoa umeme kidogo, na umeme huo unaangusha chupa ya plastiki. Kitu kilekile, kimegeuzwa ubavu. (Uemura naye baadaye alihamia Nintendo, na ndiye aliyebuni Famicom, mashine ya mwaka 1983. Tutakutana naye tena.)

Falsafa hii Yokoi aliipa jina. Kwa Kijapani ni maneno marefu, lakini kwa Kiswahili naweza kuyaweka hivi: kuifikiria kwa ubavu teknolojia iliyokauka. "Iliyokauka" hapo haina maana ya iliyooza. Fikiria mbao. Mbao mbichi inapinda, inapasuka, inamtesa seremala. Mbao iliyokauka imeshaonyesha tabia zake zote, fundi anajua itafanya nini. Teknolojia ni hivyohivyo. Ikishakaa sokoni miaka kadhaa inakuwa rahisi, inajulikana inapoharibikia, vipuri vyake viko kila mahali. Kazi ya mbunifu ni kuipa kazi ambayo hakuna aliyeifikiria.

Mfano wake mkubwa ni wa mwaka 1980. Inasimuliwa kwamba Yokoi alikuwa kwenye ile treni ya kasi ya Japani akamwona abiria, mfanyakazi wa ofisini, anaua muda kwa kubonyezabonyeza kalkuleta. Akawaza: mtu mzima anataka kucheza, lakini hataki aonekane anacheza. Akaja kulitoa wazo hilo siku ambayo dereva wa Yamauchi alikuwa anaumwa na yeye ndiye aliyeombwa kumwendesha bosi. Wakati ule Sharp na Casio walikuwa wameshindana kuuza kalkuleta mpaka bei ya vioo vyake ikashuka sana. Hivyo vioo vya LCD vilikuwepo, bei rahisi, tena havili umeme. Ikazaliwa Game & Watch, kigemu cha kuingia mfukoni chenye saa.

Ufanyaji kazi wake unaelezeka kwa tarakimu 8 ya kalkuleta. Ile nane imetengenezwa kwa vijistari saba vilivyochorwa tayari kwenye kioo. Ukitaka moja unawasha viwili, ukitaka saba unawasha vitatu. Yokoi na wenzake wakaondoa vijistari wakachora mtu: mtu akiwa kushoto, mtu akiwa kati, mtu akiwa kulia. Kompyuta ndogo ndani inawasha mmoja na kuzima mwingine, jicho linaona mtu anatembea. Basi, hiyo ndiyo siri yote. Mpaka zinaacha kutengenezwa mwaka 1991, Game & Watch zilikuwa zimeuzwa milioni 43.4.

Mwaka 1982 walitaka kuuingiza mchezo wa Donkey Kong kwenye kifaa kile kidogo. Donkey Kong ulikuwa wa Shigeru Miyamoto, kijana ambaye Yokoi ndiye aliyekuwa akimsimamia, na ndimo alimotokea kwa mara ya kwanza yule jamaa tuliyekuja kumjua kama Mario. Tatizo likawa usukani. Kwenye mashine kubwa za ukumbini kulikuwa na fimbo ya kusukuma, na fimbo haiingii mfukoni. Yokoi akaweka kitufe kimoja chenye umbo la msalaba: juu, chini, kushoto, kulia. Kidole hakiondoki, jicho halishuki kutazama. Mwaka uliofuata kitufe kile kikahamia kwenye Famicom ya Uemura. Angalia pedi ya mashine yoyote ya gemu leo, ya kampuni yoyote. Vitufe vinne vilivyopangwa msalaba bado vipo.

Halafu ikaja Game Boy, tarehe 21 Aprili 1989. Hapa nitende haki: haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mhandisi Satoru Okada alikuwa na mchango mkubwa, na ndiye aliyepigania iwe mashine kamili ya kubadilisha kaseti na si Game & Watch iliyonenepa. Lakini uamuzi wa kioo ulibeba falsafa ya Yokoi. Game Boy haikuwa na rangi, ilikuwa na vivuli vinne tu vya kijanikijani, na kioo hakikuwa na taa. Wapinzani walicheka. Atari Lynx ya mwaka huohuo ilikuwa na rangi. Sega Game Gear ya mwaka 1990 ilikuwa na rangi. Inasemekana Yokoi aliposikia mpinzani anakuja aliuliza swali moja tu: ina rangi? Alipojibiwa ndiyo, akasema basi hatuna wasiwasi.

Kwa nini? Kwa sababu rangi inataka taa, na taa inakula betri. Lynx na Game Gear zilimeza betri sita kwa saa chache, ukiwa na bahati ni tano. Game Boy ilikula betri nne na kwenda zaidi ya mara mbili ya hapo. Marekani Game Boy iliuzwa dola 89.99 ikiwa na Tetris ndani (ule mchezo wa matofali wa Mrusi Alexey Pajitnov, aliyeubuni Moscow miaka ya 1980), wakati Lynx ilikuwa dola 179.99. Mwisho wa hesabu, Game Boy na mdogo wake wa rangi aliyekuja mwaka 1998 ziliuzwa milioni 118.69. Game Gear iliishia kama milioni 10 na ushee.

Niliposoma hayo chuoni nilicheka peke yangu mpaka jirani akanitazama. Mtoto wa Tokyo mwenye soketi ukutani alichagua kilekile ambacho mjomba alikiona Tindiga: kilicho bora ni kile ambacho kesho bado kinawaka.

Nisimfanye malaika. Mwaka 1995 Yokoi alitoa Virtual Boy, dude la kuweka machoni lenye picha nyekundu tupu, ambalo liliwaumiza watu kichwa. Ziliuzwa kama laki saba na sabini elfu tu, likafa chini ya mwaka. Kutumia teknolojia rahisi peke yake si dawa. Lile dude hukuweza kucheza na mwenzako pembeni, hukuweza kulitembeza, yaani lilikosa kilekile kilichoipa nguvu Game Boy. Agosti 1996 Yokoi aliacha kazi Nintendo, ingawa mwenyewe alisema si kwa sababu ya anguko hilo, akaanzisha kampuni yake ndogo, Koto. Mwaka mmoja baadaye gari alilokuwemo lilipata ajali barabara kuu ya Hokuriku. Akashuka kuangalia uharibifu, gari jingine likamgonga. Alikuwa na miaka 56. Mashine aliyokuwa akiibuni na kampuni ya Bandai, WonderSwan, ilitoka mwaka 1999 bila yeye. Iliendeshwa kwa betri moja. Moja! Na mchezo mmoja wa kupanga mistari uliotoka nayo uliitwa Gunpey, kwa heshima yake.

Sasa turudi kwetu, maana mtu anaweza kuniuliza: hayo ya Wajapani sisi yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya vitu vyenyewe. Kijijini sikuona Game Boy halisi hata moja. Kigemu cha mjomba hakikutengenezwa na Nintendo, kilitoka kwenye viwanda vya China visivyojulikana majina. Lakini kile kioo cha vipande vilivyochorwa tayari, kile cha kulamba betri, ndiyo njia ya Game & Watch, na mchezo uliokuwemo ni uleule ulioibeba Game Boy. Nilipohamia Kilosa mjini kusoma sekondari nikakuta kibanda chenye TV gemu, zile mashine za Kichina zenye kaseti ya njano iliyoandikwa kuwa ina michezo 9999 kumbe ni michezo saba imerudiwarudiwa. Ndani yake ilikuwa Famicom ya Uemura iliyonakiliwa, na kwenye pedi palikuwa na msalaba wa Yokoi. Tulilipa mchezo kwa mchezo. Ukifungwa unapisha.

Ya pili ni ile ya fikra, na hii ndiyo kubwa. Angalieni namna Afrika Mashariki ilivyoingia kwenye dunia ya kidijitali. Haikuingia kwa kompyuta. Iliingia kwa simu ya tochi. Nokia 1100 ya mwaka 2003 haikuwa na kamera wala rangi wakati simu nyingine zilishakuwa navyo. Ilikuwa na tochi, vitufe visivyoingia vumbi kirahisi, na betri ya siku kadhaa. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Halafu Machi 2007 Safaricom ya Kenya ikaanzisha M-Pesa, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Teknolojia iliyotumika haikuwa mpya hata kidogo: laini ya simu, ujumbe mfupi, menyu za namba zilizokuwepo kwenye mitandao miaka mingi. Ilikuwa mbao kavu. Kilichokuwa kipya ni swali: je, kitu hiki kinaweza kubeba hela? Kama Yokoi angekuwa hai mwaka ule, naamini angetabasamu. Sidhani waliobuni M-Pesa walikuwa wanamfikiria, na wala haikuwa lazima. Uhaba ni mwalimu mmoja, anafundisha popote.

Kuna na wa kwetu waliotengeneza gemu kutoka kwenye uhaba huohuo. Lual Mayen ni wa Sudan Kusini. Alizaliwa wakati familia yake ikikimbia vita, akakulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu kupata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kambini hakukuwa na umeme, kwa hiyo alitembea saa tatu kwenda kuichaji, na saa tatu kurudi. Humo akajifunza kuandika programu, akatengeneza Salaam, gemu ambayo mchezaji ni mkimbizi anayekimbia mabomu akitafuta maji, chakula na amani. Mwaka 2018 alitambuliwa kwenye tuzo za kimataifa za The Game Awards huko Marekani. Ukisikia saa tatu za kufuata umeme ndipo unaelewa kwamba habari ya betri si ya kitoto.

Najua kuna mdau atanipinga hapa. Atasema: wewe unatupamba tuendelee kula makombo, wenzetu wanatumia mpya, sisi tuimbiwe sifa za zilizokauka. Hoja hiyo ina uzito na nimeiwaza sana. Jibu langu ni kwamba kuna mtumba na kuna ubunifu. Mtumba ni kitu cha jana unauziwa kwa sababu wewe ni wa jana. Yokoi hakuuza kalkuleta kuukuu. Alichukua kilicho ndani ya kalkuleta akakitoa kikiwa kitu ambacho dunia haikuwahi kukiona. Tofauti iko kwenye kichwa kilichoketi katikati. Na vichwa hivyo sisi tunavyo. Tunachokosa nitakieleza kwa kumrudia mjomba.

Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 Kilosa ilipata mafuriko makubwa. Mto Mkondoa ulivunja kingo, maelfu ya watu wakaachwa bila makazi, reli ya kati ikakatika. Wanaokumbuka, mnakumbuka zile picha za mataruma yakining'inia hewani. Kwetu Tindiga nako maji yaliingia usiku. Tuliamka godoro limelowa. Hakuna aliyekufa nyumbani kwetu, lakini mpunga wa ghalani uliondoka wote, na redio ya babu pia.

Mjomba hakulala vizuri baada ya hapo. Masika yaliyofuata alichukua mti mrefu akausimika kando ya mto, akapigilia misumari miwili karibu karibu, juu kidogo ya mahali ambapo maji hufika siku za kawaida. Kutoka kwenye misumari akavuta waya mpaka nyumba ya kwanza. Huko akaweka betri, kipande cha saketi alichong'oa kwenye redio mbovu, na kile kifaa kinacholia ndani ya saa ya mezani. Maji yakipanda yakagusa misumari yote miwili, umeme mdogo unapita kwenye maji, kipande kile kinaukuza, kinalia. Gharama yake haikufika elfu kumi. Kililia usiku mmoja mwezi wa nne, watu wakaamka wakatoa mbuzi na magunia. Maji yalikuja mpaka kizingitini yakarudi.

Akashauriwa akipeleke ofisini, kwa wahusika. Nilimsindikiza, nikiwa nimebeba mfuko. Mhusika alikitazama kama mtu anayetazama kinyago cha udongo cha mtoto. Akauliza mjomba ana cheti gani. Akauliza kama kimethibitishwa. Kisha akasema kwa upole kabisa kwamba suala la mafuriko lina wataalamu wake, na kwamba mradi unakuja. Sitataja ofisi, na yule bwana wala hakutukana mtu. Mjomba alisema asante, akakirudisha kwenye mfuko. Mwaka uliofuata ule waya uliibwa, na hakuuweka mwingine.

Ndiyo maana kila nikisoma habari za Yokoi, macho yangu yanaganda pale mwanzo, kabla ya hayo mamilioni. Naona fundi wa mashine ameshikwa akichezea kitu kisichokuwa kwenye orodha ya kazi zake. Mbele yake yuko mtu mwenye madaraka. Historia nzima niliyowasimulia, Game & Watch, msalaba, Game Boy, inaning'inia kwenye sekunde ambayo yule mwenye madaraka anakitazama kile kitu na kuamua aulize nini. Angeweza kuuliza cheti.

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani. Nilipanda treni ya umeme kutoka Dar, na kiti cha mbele yangu kulikuwa na baba mtu mzima, suti nyeusi, anacheza gemu ya peremende kwenye simu huku ameiinamisha ili jirani asione. Nikamkumbuka abiria wa Yokoi. Nilipofika Tindiga jioni nikamsimulia mjomba kisa chote, tumekaa nje, yeye anafungua chaja ya mtu. Siku hizi anatengeneza simu. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Nilipofika kwenye kioo cha kalkuleta akaguna. Nilipofika kwenye betri nne dhidi ya sita akacheka.

Nikamaliza. Akanyamaza kidogo, akapuliza vumbi kwenye saketi.

"Huyo bosi wake," akasema, "uliniambia anaitwa nani?"

Nikamwambia: Yamauchi. Hiroshi Yamauchi.

Akalirudia jina mara mbili, polepole, kama mtu anayehifadhi namba ya simu. Jina la Yokoi hakuniuliza.

Naishia hapo wadau. Kesho nina habari ya bei ya sukari.